Kuta za nyumba ya marehemu mama: Ayatul Kursiy ibaki au itoke?

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeuliza kama uondoe Ayatul Kursiy na picha ya Kaaba kabla dalali hajaleta wanunuzi hapo Malindi, Mji Mkongwe. Mimi naona uziondoe, lakini si kwa kumuogopa mnunuzi. Hapa Unguja hakuna atakayeshtuka kuona aya ukutani, na hata mgeni wa dini nyengine anajua kaja wapi. Ziondoe kwa sababu ni zako, na usije ukampa fundi rangi azishushe kwa haraka azilaze chini sakafuni. Msahafu na marfaa yake, kile kibao cha kuuwekea, vitoe mwanzo, kwa mkono wako mwenyewe.

Tulipouza nyumba ya bibi, fremu ilikuwa pale pale tangu mimi mdogo. Kuitoa tu, ukaonekana mraba mweupe kwenye chokaa iliyofifia, na msumari umeshika kutu. Nililia. Basi jipe siku mbili tatu kabla ya kupaka chokaa upya.

Mlango ndio jambo mbali. Ile aya iliyochongwa kwenye kizingiti cha juu ni sehemu ya nyumba, usiiguse wala usikubali mtu akung'olee mlango auuze peke yake. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na matengenezo ya majengo yake yana ruhusa zake. Pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe uulize.