Nimetengeneza kizuio cha kidole cha simu ya diski, sasa namba zinakosea. Shida iko wapi?

SWALI: Habari fundi. Nina simu ya zamani ya kuzungusha diski. Kizuio cha kidole, kile kichuma kilichopinda ambacho kidole hugota mwisho wa mzunguko, kilivunjika. Nikatengeneza kingine kwa waya wa hanga la nguo na kukifunga palepale. Tangu hapo nikipiga namba wanapokea watu nisiowajua. Jirani yangu mwenye printa ya 3D anasema gia za ndani zimekwisha, atanichapia mpya. Nikubali? Pia waya wa mkono wa simu, ule uliofunikwa kwa uzi, umekatika karibu na ncha. Naweza kuulehemu?

JIBU: Habari njema, ndugu msomaji. Tafadhali mwambie jirani asubiri kwanza. Gia zako huenda ni nzima kabisa, nami namshuku huyo waya wa hanga. Kwa kuwa simu inaita na kupokelewa, hata kama ni kwa mtu mwingine, laini yako bado inasoma mapigo ya diski. Hilo ni jambo la kushukuru, maana laini nyingi za siku hizi hazisomi tena.

Wengi huona kizuio kama pambo, au mahali pa kupumzishia kidole tu. Ukweli ni kwamba kinashiriki kuhesabu. Unapozungusha diski unaivuta springi. Ukiachia, diski inarudi na swichi ndogo ndani inakata umeme wa laini mara kadhaa, takriban mara 10 kwa sekunde; kila mkato ni pigo moja. Ukipiga 5 inakata mara 5, ukipiga 0 inakata mara 10. (Diski za zamani za Sweden na New Zealand zilihesabu kwa mpangilio mwingine, kwa hiyo angalia yako imetoka wapi.) Idadi hiyo inategemea umbali ambao diski imesafiri, na umbali huo unaishia pale kizuio kilipo.

Sasa pima mwenyewe. Kwenye diski za kawaida, tundu moja na jingine yameachana kwa pembe ya takriban nyuzi 30. Kama matundu yamekaa milimita 30 kutoka katikati, hatua moja ni kama milimita 15 na nusu. Kizuio kikipanda juu kuelekea tundu la 1, mzunguko unafupika na pigo moja linapotea. Kikishuka, pigo linaongezeka. Kikikaa mpakani, kati ya hesabu moja na nyingine, ndipo penye maudhi zaidi: namba inakubali leo, kesho inakataa, kutegemea ulivyosukuma kidole. Waya wa hanga unazidisha tatizo kwa sababu unapinda. Ukizungusha kwa haraka unasogea, ukizungusha polepole unatulia.

Tengeneza kingine kwa bamba la chuma kisichoshika kutu, au shaba ya njano, lenye unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Kabla ya kukata bamba, kata kielelezo cha kadibodi ngumu. Chomoa simu ukutani kabisa, maana umeme wa kuitia kengele unaweza kufika volti 75 hadi 90 na unapiga vizuri tu. Piga picha nyaya zote, kisha toa zile mbili za swichi ya mapigo. Weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, yaani hali inayolia umeme unapopita, na ncha zake kwenye vituo viwili ulikotoa nyaya hizo. Diski ikitulia, multimita inalia mfululizo. Ingiza kidole tundu la 5, zungusha hadi kielelezo, kisha irudishe diski polepole ukiishikilia kwa kidole. Kila mlio unapokatika, hilo ni pigo moja. Hesabu.

Sogeza kielelezo juu kidogo kidogo hadi 5 iwe 4, weka alama ya penseli. Kisha kishushe hadi 5 iwe 6, weka alama ya pili. Mahali pa kizuio ni katikati ya alama hizo mbili. Hapo hata ukisukuma kwa nguvu au kwa ulegevu, hesabu haitayumba. Rudia kwa tundu la 1 na la 0 kabla hujakata chuma, kwa sababu 1 ikikosewa inatoweka kabisa.

Unapopinda bamba, libane kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao ili lisikwaruzwe. Ncha iingie kwenye njia ya kidole bila kugusa diski. Acha nafasi ya unene wa kadibodi moja. Kingo zipige tupa, kisha msasa laini hadi ukipitisha kidole usihisi ukali wowote. Utakigusa kila utakapopiga simu, kwa hiyo usione uvivu hapo.

Kuhusu gia: zifungue tu kama umeona jino lililokatika kwa macho yako. PLA, plastiki inayotumiwa sana kwenye printa hizo, huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gia iliyochapwa ina mikwaruzo inayochelewesha diski. Kama ni lazima, nailoni ni afadhali, lakini mimi ningetafuta diski mbovu ya aina ileile nikatoa gia humo. Mara nyingi ugonjwa ni grisi iliyokauka. Isafishe, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli. Usitie hata tone ndani ya kile kikombe kidogo ambamo vizito viwili huzunguka na kusugua ukuta. Hiyo ndiyo breki ya diski, na breki yenye mafuta huifanya ikimbie. Rekodi mlio wa 0 kwa simu yako ya mkononi: mapigo kati ya 9 na 11 kwa sekunde yanatosha.

Waya wa mkono usiulehemu. Uchubue kidogo uutazame kwa kioo cha kukuzia: utaona nyuzi za nguo, kila moja imezungushiwa utepe mwembamba wa shaba. Ndiyo maana ulivumilia kukunjwa miaka yote hiyo. Pasi ya kulehemu inaunguza uzi, na shaba inabaki bila kitu cha kuishikilia. Kata sehemu iliyochoka, kunja ncha irudi juu ya kifuniko chake, kisha ibane na kipande cha bamba la shaba la milimita 0.3 ulichokikunja kama mfereji. Malizia kwa kuzungusha uzi na kuufunga.

Tahadhari moja kuhusu bodi, yaani umbo la nje la simu. Kama ni bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, usiitoboe wala kuipiga msasa ikiwa kavu ili kupata nafasi ya skrubu mpya, kwani baadhi ya bakelaiti za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Tumia tundu la skrubu la zamani. Kama limelegea, lijaze gundi ya epoksi, paka skrubu nta kidogo, ikazie humo, uache hadi kesho yake.