U-Sir wa John Leslie haukutoka Ufaransa

Mwanangu Neema,

Umeuliza, kwa ajili ya maelezo ya picha unayoyatafsiri, kama Sir John Leslie wa Glaslough, kule Monaghan nchini Ireland, aliitwa "Sir" kwa sababu Ufaransa ilimpa nishani mwaka 2015. Hapana. Ukivichanganya hivyo viwili, wasifu wote unapinda.

U-Sir aliurithi. Ukoo wake ulipewa ubaroneti, yaani cheo cha kurithi cha Uingereza, mwaka 1876. Baba yake, Shane, alikuwa wa tatu, na alipofariki mwaka 1971 John akawa wa nne.

Cheo hiki kilianza kwa fedha. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitaka askari wa kulinda Ulster, kaskazini mwa Ireland, kwa hiyo kila baroneti mpya alipaswa kugharamia askari 30 kwa miaka mitatu, kila mmoja peni 8 kwa siku. Piga hesabu: 30 mara 8 mara siku 1,095 ni peni 262,800. Pauni moja ilikuwa peni 240, basi jumla ni pauni 1,095. Baroneti si lodi, na cheo chake hakimpi kiti bungeni.

Andika "Sir John" au "Sir John Leslie". Usiandike "Sir Leslie" hata mara moja, kwani "Sir" hushikana na jina la kwanza.

Cheo hufuata wanaume tu. Mtoto wa kwanza wa Shane alikuwa Anita, aliyezaliwa mwaka 1914, miaka miwili kabla ya John. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliendesha ambulensi ya jeshi la Ufaransa hadi akatunukiwa Croix de Guerre, nishani ya Ufaransa ya ushujaa vitani. Cheo kikamruka. Kwangu hiyo ni dhuluma, hata kama ndiyo sheria. Kasri la ukoo huko Glaslough ni mali, halifungwi na cheo: tangu 1991 limeendeshwa na Sammy, binti wa Desmond, mdogo wake John.

Sasa nishani. Mei 1940, katika vita hiyo, John, ofisa wa Irish Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza, alivuka na batalioni yake kwenda kulinda bandari ya Boulogne, Ufaransa. Batalioni mbili za askari wa miguu zilitandazwa kuuzunguka mji mzima, bila mizinga ya kutosha ya kuzuia vifaru vya Wajerumani. Mstari ulikuwa mrefu na mwembamba, ukakatika. Wengi waliokolewa na manowari. John akatekwa, akabaki mateka hadi 1945. Kwa utetezi huo Ufaransa ilimpa Légion d'honneur, nishani yake ya juu kabisa, katika daraja la chevalier, ambalo ndilo la kwanza kutoka chini. Balozi wa Ufaransa alimvalisha nyumbani Glaslough, Novemba 2015, akiwa na miaka 98. Alifariki Aprili iliyofuata.

Kwa hiyo andika: "Sir John Leslie, baroneti wa nne, akivalishwa nishani ya Légion d'honneur kwa kuitetea Ufaransa mwaka 1940."

Mama yako