Walishirikishwa mpango, au walishirikishwa katika kupanga?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Mbagala, Dar es Salaam. Tulifanya mkutano kuhusu njia za mabasi na mahali pa kuchajia bajaji za umeme. Kwenye muhtasari mwenzetu mmoja aliandika "wananchi walihusishwa", mwingine akataka "walishirikishwa". Lipi sahihi? Na huu "mpito wa haki" tunaousikia kwenye habari za nishati, ni Kiswahili kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, andikeni "walishirikishwa", ila msiishie hapo, maana siku hizi neno hilo limebeba maana mbili zisizolingana.

Tuanze na kuhusisha. Kitenzi hiki kimetokana na -husu, na kazi yake ni kuunganisha kitu na kingine: mradi unahusisha ujenzi wa vituo, mtu anahusishwa na wizi. Anayehusishwa si lazima awepo wala ajue. Mama lishe ambaye banda lake litaondolewa kupisha kituo anahusika tangu siku mchoro ulipochorwa, hata kama hajaambiwa lolote. Ukiandika "alihusishwa", hujasema kama aliulizwa.

Kushiriki ni kuwa na sehemu yako katika jambo, na kumshirikisha mtu ni kumwezesha kuwa nayo. Katiba ya mwaka 1977 imeviweka vitenzi hivi mahali pake. Ibara ya 21(2) inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ibara ya 146 inavipa vyombo vya Serikali za Mitaa haki na mamlaka ya kushiriki, na kuwashirikisha wananchi, katika mipango ya maendeleo ya sehemu zao. Angalieni hilo "katika". Ndilo linaloshika maana yote.

Kwa sababu kuna "shirikisha" nyingine, iliyokuzwa makanisani na kwenye simu zetu: "Naomba nikushirikishe ushuhuda huu." Hapa kushirikisha ni kusimulia, kupasha habari. Si kosa, lugha hukua hivyo. Hatari inakuja matumizi haya yanapoingia kwenye nyaraka za umma. "Wananchi walishirikishwa mpango wa njia za mabasi" maana yake walisomewa mpango uliokwisha kupangwa. "Wananchi walishirikishwa katika kupanga njia za mabasi" maana yake walikuwepo wakati kalamu bado ipo mkononi. Sentensi zinafanana kwa sauti, lakini ya kwanza inaweza kufunika dhuluma kubwa, na nawasihi makatibu wa mitaa wasiikubali.

Mnajua ninachosema, maana mmeyaona. Mabasi Yaendayo Haraka yalipoanza Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo. Utepetevu wa sentensi moja ya muhtasari unaweza kumfuta kondakta aliyekuwa akila kwa njia ile. Nishati ni vilevile. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mama wa Manzese anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu fedha yake inaingia siku kwa siku ana neno la kusema kuhusu bei ya kujaza mtungi wa gesi. Kumtangazia bei si kumshirikisha.

"Mpito wa haki", yaani kuhama nishati moja kwenda nyingine bila kuwaonea wanaoguswa na mabadiliko hayo, ni Kiswahili safi. Tumezoea "uchaguzi huru na wa haki", na "serikali ya mpito" haimshangazi mtu. Upungufu wake ni kwamba peke yake hausemi tunatoka wapi kwenda wapi, kwa hiyo mara ya kwanza andikeni kwa ukamilifu: mpito wa haki kutoka mkaa kwenda nishati safi, au kutoka bajaji za petroli kwenda za umeme.

Kwa muhtasari wenu napendekeza hivi: "Wananchi walishirikishwa katika kuchagua mahali pa kuchajia bajaji. Madereva walipendekeza..., mama lishe walipinga..., na mkutano uliamua..." Mkikosa cha kujaza kwenye nukta hizo, basi kitenzi chenu ni "walijulishwa", na hicho ndicho mkiandike.