Jibu kwa mdogo wangu anayepiga picha za kuta zilizoanguka

Mdogo wangu, umeniita yaya, yaani ndugu mkubwa, basi nitakujibu kama yaya. Ulichoandika juzi nilikisoma nikakaa nacho siku mbili. Umeweka picha kumi na mbili za jengo lisilo na paa, ukauliza mambo yanayofuatana: kwa nini mitaa yenye watu haikuambii kitu, ila kuta zilizobomoka tu ndizo zinakusemesha, kama huo ni ugonjwa wa moyo, na umjibu nini shangazi yako anayesema unaanika aibu ya nyumbani. Chini ya maandishi yako mwenzetu mmoja akaongeza kwamba picha za magofu ni kuwauzia wazungu umaskini wetu. Mimi ni mpiga picha hapa Lubumbashi, Kongo, tangu 2006. Harusi na picha za pasipoti zinanilisha, magofu napiga kwa ajili yangu. Nitasema niliyoyapitia.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha hapa mjini. Sitakitaja. Kilifungwa nikiwa bado shuleni, na wafanyakazi walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, kunyoa ndevu, kuvaa shati safi, na kukaa mlangoni. Miaka yote hiyo. Alifariki 2011, wakati wa baridi, na baada ya matanga nikashindwa kazi. Nilikuwa naenda harusini, nainua kamera kumlenga baba wa bwana harusi, na mkono unashuka wenyewe. Nikamwachia mwenzangu kazi zangu zote karibu miezi mitatu.

Siku moja pikipiki iliyonibeba ikapita mbele ya geti la kile kiwanda. Nikamwambia dereva anishushe. Mlinzi akaniuliza natafuta nini, nikamjibu kwamba baba yangu alitumika hapa. Akafungua bila neno la pili.

Ndani mabati ya paa yalikuwa yameng'olewa. Mibarika ilikuwa imepasua saruji na kuota hadi kunipita urefu. Chini kulikuwa na boliti zilizokatwa, nne nne, pale mashine zilipokuwa zimefungwa. Lakini mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mlangoni, kwa sababu baba alishanisimulia mara nyingi habari za ubao wa jetoni. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande chake cha chuma chenye namba. Asubuhi anakitundika msumarini, jioni anakichukua. Namba ya baba ilikuwa 218. Ubao nikaukuta, ila ulikuwa umekatwa, labda kwa ajili ya kuni, na uliobaki uliishia namba 160. Kuanzia hapo palikuwa na alama tu ukutani, mstatili wa rangi ya kijani ambayo jua halikuwahi kuifikia.

Nilipiga picha moja tu, ya ule mstatili, kisha nikakaa chini nikalia jinsi ambavyo sikulia kwenye matanga. Wiki iliyofuata nilirudi kazini.

Kwa hiyo hapana, huugui. Huzuni inapokosa mahali pa kukaa inatafuta kitu kinachofanana nayo, na mtu mwenye kamera huipata njiani. Hata washairi wa Pate, kule mwambao wa mashariki, yapata miaka 200 iliyopita walisimama mbele ya majumba yaliyobaki makazi ya popo wakaona humo maisha yao wenyewe. Lakini sikiliza na hili. Alfred Stieglitz, Mmarekani, alianza mwaka 1922 kupiga picha za mawingu, na baadaye akaziita Equivalents, maana alitaka ziwe sawasawa na yale aliyoyasikia ndani yake. Hakuna gofu hata moja mle, ni mawingu tu. Nakupa mfano huo kwa sababu una jaribio ndani yake ambalo mimi hulitumia: kama uchungu ulio nao ungeweza kukaa vilevile kwenye wingu, piga wingu. Kuta za watu ziache. Ukuta una mwenyewe, hata kama hayupo pale uliposimama.

Na hapa kwetu mwenyewe huyo hayuko mbali. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na 1911 tanuri likatoa shaba yake ya kwanza. Shaba ndiyo iliyochora mitaa, makambi ya wafanyakazi, reli, shule, na hata saa za kula. Mwaka 1986 uzalishaji wa shaba ya Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ulizidi tani 470,000. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, halafu watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba iliyokuwa inatoka haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya 1986. Gofu la hapa si la vita wala la wafalme wa zamani. Ni gofu la mshahara. Jirani yako anajua aliyekuwa anafagia ule ukumbi wa kiwanda wenye madirisha yaliyovunjika, na pengine ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana nakuambia ukamtazame Sammy Baloji kabla hujapiga picha nyingine. Ni mwana wa Lubumbashi, kazaliwa 1978. Mwaka 2006 alifanya mfululizo unaoitwa Mémoire: alipiga picha za rangi za mitambo na majengo ya mgodi yaliyokufa, pana, kimya, halafu akachukua picha nyeusi na nyeupe za wakati wa ukoloni, akawakata wale wafanyakazi na wakubwa wao, akawasimamisha tena mbele ya vyuma vyenye kutu. Mara ya kwanza kuziona nilitazama miguu yao. Hawakanyagi ardhi vizuri, unaona kabisa kwamba wamebandikwa, na hapo ndipo picha inapouma, maana wewe mwenyewe unaanza kupima umbali kati ya mtu na mahali pake. Kutu peke yake isingefanya hivyo. Baloji na wenzake ndio walioanzisha hapa mjini kituo cha sanaa kinachoitwa Picha, na maonyesho yao ya kwanza yalifanyika 2008. Leo tunayaita Biennale ya Lubumbashi, yaani maonyesho ya kila baada ya miaka miwili. Yakifunguliwa tena, nenda kila siku.

Sasa shangazi. Muulize kwa upole sebuleni kwake pametundikwa nini. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za hapa zilikuwa na michoro iliyochorwa juu ya magunia ya unga: mamba muntu, yule mwanamke wa majini, au askari wa Mbelgiji anayechapa mtu fimbo mbele ya familia yake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa kwetu, alichora karibu picha mia za historia ya nchi nzima kati ya 1973 na 1974, mateso na yote. Watu walinunua picha za fimbo wakazitundika mahali wageni wanapokaa! Na hawakuona aibu, kwa sababu walikuwa na neno lake: ukumbusho. Ukumbusho si kitu kizuri wala kibaya kukitazama. Ni kitu ambacho mgeni akikitazama anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia. Shangazi yako analijua neno hilo kuliko mimi na wewe. Mwonyeshe picha zako halafu nyamaza. Kama hatasimulia chochote, basi picha bado, wala usimkasirikie.

Yule mwenzetu wa kuuza umaskini naye hajakosea kabisa. Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, walipiga picha Detroit, Marekani, kuanzia 2005: kumbi za sinema zilizooza, stesheni tupu, hoteli zenye piano iliyolala chini. Ni picha nzuri sana kwa mwanga na mpangilio, nami nimejifunza kutoka kwao. Lakini wakaaji wa mji ule walilalamika kuhusu picha za aina hiyo, kwamba ukizitazama unadhani hakuna mtu aliyebaki, na sensa ya 2010 ilihesabu pale watu zaidi ya 700,000. Picha isiyo na mtu inaweza kusema uongo bila kubadilisha kitu chochote. Nakuambia wewe kwa sababu katika picha zako kumi na mbili sikuona hata nguo iliyoanikwa, na mtaa ule naufahamu, kuna familia zinazoishi upande wa nyuma na mama mmoja anayeuza vitumbua hapo getini.

Picha ya saba ina kandambili ya mtoto katikati ya chumba. Kama uliikuta hivyo, ni picha yako bora. Kama uliiweka wewe, iondoe leo.

Kuhusu ufundi sina mengi. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Ujerumani, walianza 1959 kupiga picha za minara ya maji, matanuri na mitambo ya migodi ambayo ilikuwa karibu kubomolewa, na walipenda siku za mawingu ili kivuli kisije kikatawala umbo. Jaribu hivyo Januari, kati ya mvua mbili, utaona matofali yanavyotoa rangi yake yenyewe. Wakati wa baridi saa tatu asubuhi jua limeshakuwa kali na vumbi jekundu linapanda juu ya kila kitu. Mimi napenda Septemba mwishoni, moshi wa mioto ya porini unapoufanya mwanga wote kuwa wa njano, lakini mwanga ule ni mtamu mno, unaweza kuifanya hata jalala kuwa kadi ya salamu. Simamisha kamera kwenye tripodi, kimo cha macho ya mtu aliyekuwa akifanya kazi pale. Kama alikuwa anapiga magoti, nawe piga magoti.

Usiruke ukuta. Omba ruhusa, hata ukikataliwa mara tatu. Mlinzi anakaa pale usiku na mchana, anajua zaidi ya mtu yeyote kipi kimeng'olewa mwaka gani.

Bomba kubwa la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba uviache kwanza. Kila mtu anaanzia hapo. Na mlima ule si gofu: mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuuchimba upya kwa ajili ya kobalti, watu wanaingia kazini pale na kutoka. Ukiupiga kana kwamba ni kaburi, utakuwa umewafuta.

Nimalizie na jambo lililonibadilisha zaidi ya lile la ubao. Mwaka mmoja baada ya picha ya mstatili wa kijani nilikuwa nimekusanya picha ishirini na tano za ukumbi ule wa mashine. Nikazichapisha kwenye karatasi kubwa, nikampelekea papa mmoja, mzee wa mtaa wa Kamalondo aliyefanya kazi na baba. Nilidhani atazisifu. Alivaa miwani, akaitazama ya kwanza muda mrefu, akasema: "Mwana, umesimama mubaya. Shiye tulikuwaka tunaingilia ku ule mulango wa nyuma." Akaomba kalamu. Nikampa. Akaanza kuandika juu ya karatasi yangu, juu ya picha iliyonigharimu, kwenye kila kundi la boliti nne: jina, jina, jina. Wengine aliwawekea msalaba mdogo. Pembeni ya dirisha la tatu akaweka kalamu chini kidogo, kisha akaandika jina la baba. "Hapa njo palikuwaka mashini yake. Alikuwa anapenda pale juu ya mwanga." Yaani kwa sababu ya mwanga.

Mimi nilikuwa nimeipiga picha ile kutoka upande wa pili, na dirisha lile nililikata nusu kwa sababu lilivuruga mpangilio.

Nilirudi nikaipiga upya kutoka mlango wa nyuma, saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo zamu ya kwanza ilikuwa tayari imesimama kazini. Dirisha la tatu linaangusha mwanga hadi kwenye zile boliti nne. Kopi moja nilimpa yule papa, akaitundika sebuleni. Nilipopita Krismasi nilikuta mjukuu wake amesimama juu ya kiti, ameweka kidole kwenye boliti moja na kuuliza ni nani alikuwa anakaa hapo, na mzee ameacha bukari, yaani ugali wake, inapoa.

Zako kumi na mbili zichapishe, zisibaki kwenye simu. Mpelekee kwanza mama wa vitumbua, na uende na kalamu.