Barua kwa mwanangu aliye Morgantown

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, baba yako goti linamsumbua lakini bado anabishana na redio.

Umeniuliza swali zito. Unasema darasa lako la afya liko kwenye majengo yenye jina la Robert C. Byrd, yule seneta wa West Virginia huko uliko, barabara mnayopita ni ya Byrd, hata ile darubini kubwa ya Green Bank ni ya Byrd. Kisha mwenzako akakwambia mzee huyo alikuwa Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi wenye kanzu nyeupe, waliowatisha na kuwaua watu weusi. Unataka kujua ilikuwaje watu weusi wakamlilia alipokufa, na wewe umchukulieje.

Mwenzako hakukudanganya. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Byrd hakujiunga tu, alisajili watu na akachaguliwa kiongozi wa tawi. Alizaliwa 1917, mama yake akafa kwa homa kubwa ya 1918, akalelewa na mjomba na shangazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Aliuza petroli, akakata nyama buchani, akachomelea meli wakati wa vita. Umaskini wake naujua na unanigusa, ila haumpi ruhusa. Maskini wa pale walikuwa wengi, na si wote waliovaa zile kanzu.

Aliingia Seneti Januari 1959, akatolewa na kifo Juni 2010, akiwa na miaka 92. Hakuna aliyekaa Seneti muda mrefu kuliko yeye. Ukitaka kujua majina yale mabangoni yalitoka wapi, tazama kamati inayogawa fedha za serikali kuu, aliyoiongoza kwa miaka mingi. Hela zilimiminika West Virginia: barabara, zahanati, hata ofisi ya alama za vidole ya FBI ikahamishiwa Clarksburg. Wapinzani walimcheka, wapiga kura wakamchagua tena na tena. Hapo sina la kushangaa, hata kwetu mbunge aliyeleta lami haulizwi sana ya jana.

Tukio ambalo ningekaa nalo ni la Juni 1964. Muswada wa haki za raia ulikuwa umezuiwa wiki nyingi, maseneta wa Kusini wakiongea zamu kwa zamu ili kura isipigwe. Byrd alisimama jioni ya tarehe 9 akaongea saa 14 na dakika 13, mpaka asubuhi. Siku hiyo ya tarehe 10 kura ya kufunga mjadala ikapigwa. Seneta Clair Engle wa California, mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, akaingizwa kwa kiti cha magurudumu. Hakuweza kusema, akanyoosha kidole kwenye jicho lake, maana kwa Kiingereza “eye” (jicho) hutamkwa sawa na “aye” (ndiyo), ikahesabiwa ndiyo. Byrd alipiga hapana. Mwaka 1967 akamkataa pia Thurgood Marshall, mwanasheria mweusi, asiingie Mahakama ya Juu ya Marekani, Marshall huyuhuyu aliyewasaidia Wakenya kuandaa sura ya haki za raia ya katiba yao, London mwaka 1960.

Alibadilika lini? Mwenyewe alisema kifo cha mjukuu wake katika ajali ya gari mwaka 1982 kilimfanya atambue kwamba watu weusi nao wanawapenda watoto wao kama yeye anavyowapenda wake. Niliposoma hilo nilifunga kitabu kwanza. Mtu wa miaka 64, aliyekwisha kuwa kiongozi wa chama chenye maseneta wengi zaidi! Nilihuzunika, na nilikasirika pia. Lakini mwaka uliofuata alipiga kura ya ndiyo kwa sikukuu ya Martin Luther King, na kuhusu Klan aliomba radhi hadharani mara nyingi mpaka uzeeni, bila kusema alisingiziwa. Mei 2008, chama chao kikitafuta mgombea urais, na Hillary Clinton akiwa amemshinda Obama vibaya sana West Virginia, Byrd alisimama na Obama. Ndiyo maana NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, walituma rambirambi.

Mimi sikusamehe kwa niaba ya waliopigwa virungu Alabama wakidai haki zao, na wewe usibebe mzigo huo. Wao wanaweza kumsamehe au kukataa. Soma vizuri, umshukuru kwa maabara mnayotumia, na yale masaa 14 uyataje kila anapotajwa.

Na kuna hili la Desemba 2009. Sheria ya bima ya afya ilihitaji kura 60 kuvunja uzuiaji uleule alioutumia yeye, na waliokuwa tayari walikuwa 60 kamili. Usiku wa manane, theluji imejaa Washington, wakamwingiza Byrd kwa kiti cha magurudumu kama Engle. Safari hii alisema ndiyo. Ndani ya sheria hiyo aliingiza kifungu cha wachimba makaa wenye mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, pamoja na wajane wao, wapate mafao bila kuzungushwa. Ukianza mazoezi kliniki utakutana nao. Waulize wenyewe wanamkumbukaje, kisha uniandikie.

Mama yako