Ukisikia Chopa ya Polisi, Shusha Droni

Ninarusha droni kwa kazi za kupima mashamba na kupiga picha za harusi. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza wanunue kamera gani. Mimi ningependa waulize kwanza: huko juu tutakuwa na nani?

Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2020 zinatuweka chini ya futi 400 kutoka ardhini, na wengi wanaamini kwamba ukibaki chini ya kimo hicho anga ni yako. Si kweli. Helikopta ya polisi inayomsaka mtu haina ratiba wala njia maalumu. Hushuka, huzunguka palepale, kisha hukata kona ghafla. Walio ndani wanaangalia ardhini, na droni yako ndogo hawataiona mpaka iwafikie.

Septemba 2020, helikopta ya polisi wa Los Angeles iliitwa usiku kwenye tukio la wizi katika duka la dawa, Hollywood. Droni ya raia ikaigonga, ikaharibu pua, antena na mifuniko ya chini, na helikopta ikalazimika kutua kwa dharura. Kama ingegonga panga kuu, tungekuwa tunazungumzia vifo.

Kwa hiyo sirushi bila msaidizi, na kazi yake ni macho na masikio tu, asiguse simu. Mara nyingi chopa husikika kabla haijaonekana. Akisema "chopa", naacha picha hapo hapo, nashusha droni wima na kutua. Usiikimbizie pembeni, maana hujui helikopta itageukia wapi. Na tafadhali usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani: droni nyingi hupanda kwanza ndipo zirudi, yaani utakuwa umeipandisha kuelekea kwenye hatari. Kwenye harusi moja Kitengela nilitua maharusi wakiwa ndio kwanza wanatoka kanisani. Jamaa walinung'unika. Nitafanya vivyo hivyo tena.

Lakini mzigo huu si wa raia peke yetu. Agosti 2021, karibu na uwanja wa ndege wa Buttonville, Kanada, droni ya polisi ilikuwa imetulia angani kwenye njia ya ndege zinazotua. Ndege ndogo ya mafunzo, aina ya Cessna, ikaigonga. Waliokuwa ndani walidhani ni ndege mnyama, na wakatua salama. Polisi hao hawakuwa wamewaarifu waongozaji wa ndege.

Jambo hili linanisumbua, kwa sababu droni za polisi zitaongezeka tu. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na helikopta, na kule Chula Vista, California, tangu 2018 hurushwa mara simu ya dharura inapoingia, zikafika kabla ya gari. Helikopta nazo zitabaki: droni ya aina hiyo haibebi majeruhi, na betri yake huisha baada ya nusu saa hivi. Basi zote zitakuwa kwenye anga moja ya chini, pamoja na zetu.

Polisi wetu wakianza mpango kama huo, tuwadai mambo mawili mapema: wawasiliane na mnara wa kuongozea ndege kila wanaporusha, na wachapishe kila safari, mahali na sababu yake, kama Chula Vista inavyofanya. Mwananchi aliyepigwa picha uani kwake ana haki ya kujua droni ile ilifuata nini.