Jibu: Nchi isiyoridhia mkataba inabanwaje?

Mkuu, umeuliza nchi isiyoridhia mkataba inabanwaje wakati dunia haina bunge. Mara nyingi inabanwa na desturi, yaani mazoea ya nchi yaliyogeuka kuwa sheria. Ibara ya 38 ya Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki inataja mikataba, desturi na kanuni za jumla za sheria. Hukumu na maandishi ya wanazuoni ni vya kusaidia tu.

Chukua mfano wa ukanda wa bahari wa maili 200 kutoka pwani ya nchi. Mwaka 1947 Chile na Peru zilijitangazia eneo hilo, wakubwa wa uvuvi wakapinga. Kenya ikaja na wazo la busara zaidi, 1971 kule Colombo na 1972 kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa: samaki na rasilimali ziwe za nchi ya pwani, lakini meli za wengine zipite. Nchi nyingi zikaanza kutangaza kanda zao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 ulianza kazi 1994 tu, lakini tayari mwaka 1985, kesi ya Libya na Malta, Mahakama ilisema ukanda huo umeshakuwa desturi.

Marekani haijauridhia mpaka leo, ila Rais wake Reagan alitangaza maili zake 200 mwaka 1983. Utamu wanautaka!

Angalizo: kutenda pekee hakutoshi, lazima nchi zitende zikiamini ndiyo sheria. Anayepinga waziwazi tangu mwanzo, bila kulegeza, anaweza kuikwepa desturi. Ila kwa mauaji ya kimbari, utumwa au utesaji, mlango huo haupo.